Mafuta ya Kukohoza

Pale Machakos mjini, kwenye mstari wa maduka ulio nyuma ya msikiti, palikuwa na duka moja ambalo mteja hakununua kitu mpaka mwenye duka akohoe kwanza. Huu si utani. Mtu aliingia na chupa yake tupu, akasalimu, akauliza kama debe jipya la mafuta ya zeituni limefunguliwa, kisha akasimama kungoja. Mahmud, mwenye duka, alichota mafuta kwa kijiko cha chai, akayavuta mdomoni kwa sauti kama mtu anywaye uji wa moto, akayameza. Halafu akakohoa. Akikohoa mara moja, mafuta yalikuwa ya kawaida. Akikohoa mara mbili, yalikuwa mazuri. Akikohoa mara tatu, waliokuwa nje walipashana habari na chupa zikaanza kusukumana juu ya kaunta.

Aliyekuwa akipima mafuta na kufunga chupa ni mkewe, Zamzam, na habari hii ni yake. Mahmud mwenyewe hatakuwa nasi muda mrefu.

Zamzam hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Kalama akaitwa Mwelu, binti wa Mzee Wambua, katika nyumba ambayo Jumapili hakubaki mtu ila mbwa, kwa maana wote walikuwa kanisani. Mzee Wambua alikuwa mtu wa nyuki. Alikuwa na mizinga yake kwenye vilima vya Kalama na mingine kwa ndugu zake upande wa Masinga, na kitu kilichomchemsha damu kuliko vyote ni mnunuzi aliyeuliza asali ipi ni tamu. "Asali yote ni tamu, ndiyo maana ikaitwa asali," alikuwa akifoka. "Uliza imetoka wapi!" Ya Masinga ilikuwa nyepesi na nyeupe, kwa sababu nyuki wa kule walikula maua ya migunga. Ya Kalama ilikuwa nyeusi na ilibakiza uchungu kidogo nyuma ya ulimi, na wazee waliitaka kwa dawa na kwa pombe ya mahari. Alimfunga binti yake macho kwa kitambaa, akamwekea tone la huku na tone la kule, akamwambia ataje. Mwelu hakukosea hata mara moja. Na kila akishaonja alitema, kwa kuwa baba yake alimwambia kwamba mwonjaji anayemeza, akifika tone la tatu ulimi umeshalewa.

Mahmud alikuja Kalama kutafuta asali ya kuuza dukani. Ukoo wake ulitoka Mombasa zamani, babu yake akafuata biashara bara na kusahau kurudi. Alimkuta msichana amefungwa macho anataja vilima kwa ulimi, naye akasahau bei. Mwaka wa 1979 walioana, Mwelu akasilimu akawa Zamzam, na Mzee Wambua akanyamaza miaka mitatu mizima. Mwaka wa nne alitokea dukani na ndoo ya asali. Hakuomba radhi wala hakutoa. Alifungua ndoo, akamtazama mkwewe, akasema, "Onja." Ugomvi ukaishia hapo.

Mafuta ya zeituni yaliingia dukani mwaka wa 1983. Waislamu waliyataka kwa kukanda watoto wachanga, kwa viungo vya wazee na kwa masikio yanayouma. Wachungaji wa makanisa ya mabati waliyataka kwa upako. Lakini Wakamba ni watu wa asali, na mtu wa asali haamini kitu ambacho hajakijaribu kwa njiti. Kama mnavyojua, njiti ya kiberiti iliyochovywa katika asali safi inawaka. Basi na mafuta wakayaleta katika mahakama ile ile. Njiti zilichovywa, zikasuguliwa, nyingine zikawaka, nyingine zikakataa, na kila siku Mahmud alihukumiwa upya kuwa mwizi. Mpaka mtu wa Mombasa aliyekuwa akimuuzia, Bwana Ramzi, akamweleza kwamba zeituni nzuri iliyokamuliwa karibuni huuma kooni. Mahmud akatupa kiberiti nje. "Kuanzia leo," akawaambia wateja, "shahidi ni koo langu."

Hivyo ndivyo kikohozi kilivyoanza. Zamzam alikuwa na ulimi mzuri kuliko mumewe, na wote wawili walijua hivyo, lakini yeye aliendelea kuonja kwa njia ya baba yake. Aliyaweka mafuta kwenye ncha ya ulimi, akayatafakari, akayatema kwenye kitambaa. Kwa hiyo katika miaka yote ile hakuwahi kukohoa. Kukohoa kulikuwa kazi ya Mahmud, na aliipenda kazi hiyo. Mungu hakuwajaalia mtoto, na hilo walikwisha kulilia likaisha. Walikuwa na duka, chumba cha kulala nyuma yake, pazia katikati, na utani wao.

Mwaka wa 2000, kuanzia Julai hivi, Mahmud alizidi kukohoa.

Mtu mwingine, katika duka jingine, angeambiwa aende hospitali. Katika duka hili watu walifurahi. Mara nne! Mara tano! Wateja walikuja hata kutoka Kangundo kwa sifa za debe lile. Mchungaji mmoja alinunua chupa sita kwa mkupuo. Zamzam alipima huku akicheka, akasema, "Mafuta ya mwaka huu yamezaliwa na pilipili," na Mahmud akacheka naye akishika kifua. Kulikuwa na kitu ambacho Zamzam alikiona na hakukiona. Zamani kijiko kilitangulia na kikohozi kikafuata. Sasa kikohozi kilitangulia, na Mahmud alikimbilia kijiko baadaye, kama mtu anayetafuta kisingizio.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mahmud alifunga. Tangu alfajiri hadi magharibi hakuna kijiko kilichogusa midomo yake, na tangu alfajiri hadi magharibi alikohoa. Unajua watu walisemaje? Walisema mafuta yale yamekuwa makali kiasi kwamba harufu yake tu inamkohoza mwenye duka. Wakaja kununua kwa wingi. Na Zamzam, binti wa Wambua, aliyeweza kutaja kilima kwa tone moja, alicheka pamoja nao.

Januari damu ilionekana kwenye kitambaa. Hospitalini daktari aliuliza swali la kawaida. "Amekuwa akikohoa tangu lini?"

"Miaka kumi na saba," Zamzam akajibu.

Daktari aliweka kalamu chini. Zamzam akaanza kumweleza habari za zeituni, za kijiko, za kiberiti kilichotupwa nje. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa kijana mwenye adabu. Kisha akasema kilikuwa kifua kikuu, kwamba dawa zipo na zinaponya, lakini mapafu yameliwa sana, na laiti wangekuja miezi sita mapema. Wakampima na Zamzam. Yeye alikuwa mzima kabisa. Mahmud alifariki wiki ya tatu ya Februari, mchana, wakati muuguzi akibadilisha shuka la kitanda cha jirani.

Zamzam hakulia. Wanawake waliokuja matangani walimtazama usoni wakingoja, wakachoka. Wengine walisema ana subira, wengine walisema ana moyo wa jiwe, na wote walisema kwa sauti ambayo aliweza kuisikia. Haikumuuma. Hakuna kilichomuuma. Alikula alichowekewa, na ugali ulikuwa kitu cha kutafuna, na mchuzi ulikuwa kitu cha moto. Siku moja aliuma pilipili nzima kwenye kachumbari, na alijua ni pilipili kwa sababu macho yalitoa maji. Ulimi wenyewe haukumwambia lolote. Ulikuwa umelala mdomoni kama mgeni aliyekataa kuamka.

Alikaa eda. Miezi minne na siku kumi hakutakiwa kutoka bila dharura, wala kujipaka manukato, wala wanja, wala mafuta ya nywele. Alikaa chumbani nyuma ya pazia na nguo nyeupe, akisikiliza duka. Mdogo wa Mahmud, Ayub, alikuja kutoka Mombasa kusimamia kaunta. Ayub hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na koo lake halikuwa na sifa. Wateja waliingia, wakasimama, wakangoja. Siku ya kwanza hakuelewa wanangoja nini. Alipoambiwa, alimeza kijiko cha mabaki ya debe la zamani, yaliyokwisha kupoa makali, akajitahidi kukohoa. Watu walimcheka.

"Hiyo ni kikohozi ya kuazima," alisema Syokau, mama wa Kalama aliyekuwa akilinunulia kanisa lake mafuta tangu zamani. "Wewe kijana, hapana tudanganye." Akarudi na chupa yake tupu.

Mwezi wa Aprili ukaja kifurushi kwa basi kutoka Mombasa. Ndani yake mlikuwa na chupa tatu ndogo na barua ya Bwana Ramzi. Ayub aliisoma kwa sauti akiwa upande wake wa pazia, kwa heshima ya eda.

Bwana Ramzi alitoa pole. Kisha akaeleza kwamba kiwanda cha Tunisia kilichokuwa kikijaza madebe yao kimefungwa, na debe lile halitapatikana tena. Kuanzia sasa angenunua moja kwa moja kwa wakulima, na kwa vile marehemu alikuwa mteja wake wa kwanza wa bara, alitaka duka la Machakos lichague lenyewe. Kulikuwa na sehemu tatu. Chupa yenye uzi mwekundu ilitoka kaskazini, upande wa Bizerte, penye vilima na mvua. Yenye uzi mweupe ilitoka Sahel, pwani ya katikati. Yenye uzi wa buluu ilitoka Sfax, kusini, tambarare kavu ambako mizeituni imepandwa mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Debe la zamani liliandikwa "Tunisia" tu, kwa hiyo yeye mwenyewe hakujua lilitoka sehemu gani. Walioweza kujua, aliandika, ni waliolionja miaka yote hiyo. Alihitaji jibu kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata, maana meli hazingoji mtu.

"Waliolionja miaka yote," alirudia Ayub. Alikuwa amebaki mmoja, na wote wawili walilijua hilo.

Zamzam alipokea chupa chini ya pazia. Akazipanga dirishani. Akaketi akizitazama, na jambo lililokuwa mbele yake lilikuwa jepesi kulisema. Moja kati ya hizi ilikuwa mafuta ya Mahmud. Asipoitaja yeye, hakuna binadamu mwingine atakayeweza, na yatapotea kama alivyopotea mwenyewe. Naye hakuwa na ulimi.

Kabla hata hajaonja, jirani yake Bi Fatuma alileta fitina ya kisheria. Bi Fatuma alikuwa mwanamke mwema aliyejua makosa ya watu wote. "Mwenye eda hagusi mafuta," alisema. "Zeituni ni pambo."

Ikabidi Ayub avuke kwenda msikitini kumuuliza maalim. Maalim aliuliza, "Anayapaka au anayameza?"

"Anayaonja."

"Basi ni chakula. Mwambie Bi Fatuma asipike kesho na mafuta, kama anaona ni pambo."

Jumatatu Zamzam alionja kwa njia ya baba yake. Uzi mwekundu, ncha ya ulimi, akatema. Uzi mweupe, akatema. Uzi wa buluu, akatema. Maji, maji na maji. Alifunga macho kwa kitambaa kama zamani, akachanganya chupa, akajaribu tena. Alipofungua hakuweza kusema hata kama alishika chupa ile ile mara mbili. Jumanne ikawa hivyo. Jumatano hakujaribu.

Alifikiri badala yake. Uliza imetoka wapi, alisema Mzee Wambua, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano kaburini. Kaskazini kwenye vilima na mvua, hiyo ingekuwa Kalama yao. Sfax tambarare na kavu, hiyo ingekuwa Masinga. Asali ya Masinga ilikuwa nyepesi, na huenda na mafuta ya Sfax yalikuwa mepesi. Lakini mzeituni si mgunga, na yeye hakuwahi kufika hata Namanga, sembuse Tunisia. Kuchagua mafuta ya mtu kwa kukisia ramani aliona ni sawa na kuyachagua kwa kiberiti.

Jumatano jioni Ayub alizungumza kupitia pazia. Yeye alikuwa amejibakizia kidogo cha kila chupa, akawaonjesha wateja wachache. "Shemeji, nimejaribisha watu. Hii ya buluu, ya Sfax, kila mtu ameipenda. Ni laini, ina rangi ya dhahabu, inateremka yenyewe. Hii nyekundu, mmoja amesema imeharibika, mwingine amesema imetiwa kitu. Tuchukue Sfax tupumzike."

"Sijamaliza," alisema Zamzam.

"Shemeji, nisamehe nikisema. Mafuta ya kukohoza tumeuona mwisho wake."

Alijua kwamba maneno yale yalipaswa kumchoma. Alingoja yamchome. Hayakumchoma, na akatambua kwamba Ayub alisema tu alichokuwa akikiwaza yeye. Wakichukua Sfax, hakuna mtu atakayekohoa tena katika nyumba ile. Watu watanunua mafuta kama wanavyonunua sabuni. Hatasikia tena ile sauti, wala watu wakiihesabu. Kwa muda mrefu hakuwa ametamani kitu, lakini hilo alilitamani, kama mtu mwenye usingizi anavyotamani kitanda chochote.

"Kesho nitakujibu," akasema.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, duka likiwa na watu, alichukua kijiko cha Mahmud. Kilikuwa bado kwenye kikombe chake, kimepinda shingo. Alijiambia kwamba ulimi umekufa na haufai kungojewa, lakini mwili una milango mingine. Akaamua kufanya ambalo baba yake alimkataza. Atameza.

Alianza na buluu. Mafuta ya Sfax yalishuka kama maziwa, yakaenda zao. Akangoja. Hakuna kitu. Akanywa maji, akala kipande cha mkate, akameza ya Sahel. Kitu kilimtekenya kidogo chini ya kidevu, kikaacha. Akanywa maji tena. Akameza ya uzi mwekundu.

Mwanzoni hakuna kitu. Kisha koo lilishikwa. Alikohoa, akakohoa, akakohoa tena. Mara tatu, kavu, juu juu, hapa kwenye koo, kama mtu anayepiga makofi. Na basi. Kikakoma chenyewe, koo likabaki na joto, na alipovuta pumzi kifua kilikuwa safi.

Upande wa pili wa pazia duka lilinyamaza. Halafu sauti ya Syokau ikasema, "Nani amekohoa?"

"Ni ndani!" mwingine akasema. "Ni mama!"

"Mara tatu! Mmesikia? Mara tatu! Hiyo ndiyo yenyewe!" Watu wakacheka kwa furaha, mmoja akapiga kaunta kwa kiganja, chupa zikagongana. Miezi miwili walikuwa wameingojea sauti hiyo.

Zamzam alikaa na kijiko mkononi. Yalikuwa mafuta ya Mahmud, hilo halikuwa na shaka. Kile kilikuwa kikohozi chake cha miaka kumi na saba, hesabu ile ile, urefu ule ule, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa amekisikia kutoka ndani. Na kwa kuwa alikuwa amekijua kutoka ndani, alianza kukumbuka kile kingine.

Kile cha Julai kilikuwa hiki, na kingine kidogo juu yake. Cha Septemba hakikuwa hiki. Cha Septemba kilikuwa na maji. Cha Ramadhani kilitoka chini, kwenye mbavu, na kilimpinda mtu, na kilipokoma hakikukoma, kilipumzika tu ili kianze tena. Havikufanana. Havikuwahi kufanana. Hata mtu mwenye masikio ya mbuzi angevitenganisha kama angesikiliza. Naye alikuwa hatua mbili kutoka kwake, miezi saba, anapima mafuta na kucheka. Alipewa ulimi wa kutenga asali ya Masinga na ya Kalama akiwa gizani, na hakutenga kikohozi na kikohozi mchana kweupe.

Hakulia hata hapo. Ningependa kuwaambia alilia, maana ingekuwa nafuu kwangu na kwenu. Alifuta kijiko, akakirudisha kwenye kikombe. Alijua kosa lake lilikuwa wapi na lilikuwa na ukubwa gani, na alilitazama kama anavyotazama mtu jiwe lililoko shambani mwake ambalo halitang'oka.

"Shemeji," aliita. "Andika nyekundu. Kaskazini."

Ayub alisogea karibu na pazia. "Si umesikia watu wanasema imeharibika?"

"Hawajafundishwa. Watafundishwa."

"Na ile kukohoa? Utaweza kuisikia kila siku?"

Zamzam alifikiri. "Nikichukua laini," akasema, "nitasahau hii ilikuwa namna gani. Na nikisahau hii, ile nyingine pia sitaijua tena. Andika."

Ayub akaandika, na barua ikaondoka na basi la mchana.

Eda iliisha mwishoni mwa Juni. Zamzam aliinua pazia, akalifunga pembeni kwa kamba, na hakulishusha tena. Ayub alirudi Mombasa akiwa na shukrani za kweli. Madebe ya kaskazini yalifika katikati ya Julai, na siku ya kufungua debe la kwanza duka lilijaa mpaka barazani. Aliwasalimu watu, akachota kijiko, akameza mbele yao, akakohoa mara tatu. Walishangilia. Uso wake haukubadilika, nao wakachukulia kwamba ndiyo heshima ya ujane. Chakula bado kilikuwa hakina ladha. Alikwisha kuacha kungoja.

Syokau alikuwa wa pili kwenye mstari. Safari hii alikuja na mumewe, Musembi, mwanamume mrefu wa mashamba, aliyebeba mtungi wa plastiki wa lita tano kwa ajili ya kanisa na majirani. Musembi hakuwa mtu wa kuja mjini, na alisimama kando ya kaunta akitabasamu kwa aibu. Mkewe alimsukuma.

"Mwaitu," Syokau alimwambia Zamzam, akimwita mama kwa Kikamba, "mpe huyu naye aonje. Nimemwambia hii mafuta ni kali, anabisha."

Zamzam alichota kijiko, akakinyoosha. Musembi alinyoosha mkono wake kukipokea, na kabla vidole vyake havijakifikia, akageuza uso pembeni akakohoa. Mara moja, mara mbili. Ya tatu ilimpinda kidogo, akajishika kwenye ukingo wa kaunta.

Watu wakaangua kicheko. "Ni harufu tu hiyo!" alisema mtu wa nyuma. "Bado kumeza!" Syokau alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. Musembi naye alijaribu kucheka. "Kweli ni kali," akasema.

Zamzam alirudisha kijiko kwenye debe. Akachukua kifuniko, akafunika.

"Mwaitu, mbona unafunga?" Syokau akauliza, bado anacheka. "Ni mafuta tu imemshika."

"Bado hajaonja," Zamzam akasema.

Kicheko kilipungua, kikaisha kwa mmoja mmoja. Zamzam alizunguka kaunta, kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kumwona akifanya, akaja kusimama mbele ya Musembi. Alikuwa mfupi, kichwa chake kilifika kwenye kifungo cha pili cha shati la yule mwanamume. Aliinamisha sikio lake hapo.

"Kohoa tena," akasema. "Nisikie."